Kabla hujaichubua Zero yako, jua ilitoka kiwanda gani

FundiRangi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimepita kimya kimya muda mrefu kwenye nyuzi za wanaounga ndege za plastiki, leo nimeona nami niseme. Karibu kila wiki inapandishwa picha ya Zero mpya, ile ndege ya kivita ya Wajapani, iliyochubuliwa mpaka inatia huruma. Kazi ya mkono safi, maungio hayaonekani, halafu mwenye nayo anachukua sponji na rangi ya fedha anaigeuza kama daladala iliyolala yadi miaka kumi. Ukimuuliza, jibu ni lilelile: ndege za Wajapani zilikuwa zinachubuka sana. Zipi? Za kiwanda gani? Mwaka gani? Hapo hakuna anayejibu.

Kazi yangu ni bodi na rangi. Napiga rangi magari hapa Dar tangu nikiwa kijana, na kila fundi wa gereji anajua kwamba rangi haibanduki yenyewe tu. Inabanduka kwa sababu ya kilicho chini yake. Bati likipigwa msasa vizuri na kupata praima, ile rangi ya chini ya kushikiza, rangi inakaa. Ukiimwaga juu ya bati tupu, hasa alumini, haipiti misimu miwili ya mvua inaanza kunyanyuka. Wahandisi wa kiwanda cha Mitsubishi kule Nagoya, Japani, walilijua hilo kabla baba yangu hajazaliwa.

Tuanze na Zero yenyewe. Jeshi la majini la Japani liliipokea mwaka 1940, ambao kwa kalenda yao ya kifalme ulikuwa mwaka 2600, na ile sifuri ya mwisho ndiyo ikaipa ndege jina. Aliyeibuni ni Horikoshi Jiro wa Mitsubishi. Huyu mtu alipigana na uzito kilo kwa kilo. Alitumia duralumini (alumini iliyochanganywa iwe ngumu) mpya ya kampuni ya Sumitomo, akatoboa matundu kila penye chuma kisichobeba mzigo, hadi kwenye kiti cha rubani, na ribiti zake akazilaza sawasawa na bati ili upepo upite bila kukwama. Ndege tupu ilikuwa na kilo 1,680 hivi. Rubani hakuwekewa bamba la kumkinga na risasi, wala matangi hayakuwa na kinga ya kujiziba.

Kuna habari moja ya Zero ninayoipenda kuliko zote. Ndege ya kwanza ilipokamilika, kiwanda hakikuwa na uwanja wa kurukia. Waliifungua vipande, wakaipakia kwenye mikokoteni ya ng'ombe, ikatoka Nagoya kwa mwendo wa ng'ombe hadi uwanja wa Kagamigahara, kama kilomita 48. Ikaruka mara ya kwanza tarehe 1 Aprili 1939. Ndege iliyokuja kutisha bahari yote ya Pasifiki ilianza safari nyuma ya mikia ya ng'ombe.

Sasa, mtu anayejali uso laini kiasi cha kulaza kila ribiti hapaki rangi ovyo. Zero za mwanzo za Mitsubishi zilipigwa praima yenye wekundu wa udongo, juu yake ndipo ikaja rangi ya nje. Vipande vilivyookotwa kwenye mabaki vinaonyesha tabaka hizo. Tazameni pia picha za Zero iliyoanguka kisiwa cha Akutan, kule visiwa vya Aleutia, Alaska, Juni 1942. Ililala matopeni kichwa chini kwa wiki kadhaa, Wamarekani wakaivuta, wakaitengeneza na kuirusha San Diego mwaka huohuo. Hukuti mabaka ya fedha mwili mzima.

Kwa hiyo ukiunga Zero ya 1941 au 1942, weka uchakavu mahali mikono na miguu ilipogusa: shina la bawa ambapo rubani alipandia, kingo za vifuniko ambavyo mafundi walifungua kila siku, labda ncha ya mbele ya propela. Na kitakachoonekana kwanza ni ule wekundu wa praima. Fedha iwe nukta mbili tatu, basi.

Ya kuchubuka kwelikweli ipo, na ni ya jeshi la nchi kavu: Hien, Ki-61 ya Kawasaki. Hizi zilitoka kiwandani zikiwa bati tupu linalong'aa. Zilipofika vitani, mfano vikosi vya 68 na 78 kule Wewak, Guinea Mpya, mwaka 1943, mafundi wa kikosini wakazipiga mabaka ya kijani juu ya bati hilohilo bila praima. Ongeza jua, unyevu na vumbi la matumbawe. Zilibanduka kama karatasi. Hapo chubua mpaka mkono uchoke, utakuwa umesema kweli.

Kesho nikitoka gereji nitaweka namna ninavyofanya hatua kwa hatua.

---

KijanaWaMoro

Mkuu umenigusa pabaya, yangu ni ile ya wiki iliyopita. Nilidhani nimeua. Ila swali: nitajuaje kama Zero ni ya Mitsubishi au ya kiwanda kingine? Maelekezo kwenye boksi hayasemi.

---

FundiRangi

Kaka, kazi yako ilikuwa nzuri, ndiyo maana imeniuma. Usiitupe.

Zero zilitengenezwa zaidi ya 10,000, na nyingi kuliko za Mitsubishi zilitoka kwa Nakajima. Nakajima walianza kuziunda Novemba 1941. Hii ina maana kwamba zilizokwenda Pearl Harbor mwezi uliofuata zilikuwa za Mitsubishi.

Alama ya kwanza ni duara jekundu ubavuni. Zero ya kijivu ya Mitsubishi ya miaka hiyo, duara halina mzingo mweupe. Ya Nakajima inao. Ukiona mtu ameweka mzingo mweupe ubavuni kwenye ndege ya Pearl Harbor, amechanganya viwanda.

Alama ya pili ni ya ndege za baadaye zenye kijani juu na kijivu chini. Angalia mpaka wa rangi hizo unavyoelekea mkiani. Kwa Mitsubishi mstari unakwenda karibu umenyooka. Kwa Nakajima unapinda kwenda juu na kukutana na bawa dogo la mkia. Ukishauona mara moja, hautaacha kuuona.

Ya tatu imo ndani. Kijani cha chumba cha rubani hakikuwa kimoja, kila kiwanda kilikuwa na chake, kwa hiyo rangi moja ya chupa iliyoandikwa kijani cha chumba cha rubani haiwezi kutosha kwa zote mbili.

Na kuhusu kijivu chenyewe. Watu wamebishana miaka mingi kama ni kijivu, kijani au kahawia. Vipande halisi vimeonyesha kijivu kilichoelemea kwenye kijani cha mzeituni na njano kidogo. Wajapani wana neno ameiro, rangi ya ame, ile peremende yao ya sharubati iliyopikwa. Mimi natumia rangi ya chupa namba XF-76 ya kampuni ya Tamiya, naongeza tone la njano iliyokoza na tone la kahawia. Kifuniko cha injini kwa Mitsubishi ni cheusi chenye ubuluu ndani yake, kiweke chini ya jua uone, si cheusi cha masizi.

---

FundiRangi

Haya, nimerudi kama nilivyoahidi.

Niliyo nayo mezani ni Zero ya aina ya 21, skeli ya 1/48. Ndege halisi ilikuwa na mita 12 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, kwa hiyo modeli ni sentimita 25 kamili. Nataja kipimo kwa sababu kinakusaidia kuamua nini kionekane. Mchubuko wa nusu milimita kwenye modeli ni karibu sentimita mbili na nusu kwenye ndege. Kabla hujagusa brashi, zidisha mara 48, jiulize kama fundi mkuu wa meli ya vita angeiruhusu ndege yenye jeraha la ukubwa huo iruke bila kuguswa.

Naanza na kiti. Seti nyingi zinakuja na matundu ya kiti yaliyochorwa tu, hayajatobolewa. Nachukua kichimbio cha nusu milimita, nakizungusha kwa vidole, si kwa mashine, kwa sababu mashine inayeyusha plastiki. Tundu moja baada ya lingine, kwa utulivu. Halafu nakwangua ukingo wa kiti kutoka nyuma mpaka uwe mwembamba kama kucha. Horikoshi alipunguza gramu pale, na mimi napenda mtazamaji azione hizo gramu ambazo hazipo.

Nyuma ya kiti, ndani ya mwili wa ndege, kuna kitu kinachonifurahisha kuliko sehemu yoyote: aotake. Maana yake mwanzi mbichi. Ilikuwa laka angavu ya kuzuia kutu, wakiipaka juu ya bati tupu, na bati linang'aa kupitia kwake. Hakuna rangi ya chupa moja itakayokupa hicho. Napiga kwanza fedha safi, naiacha ikauke usiku mzima. Kisha nachanganya kijani angavu X-25 na buluu angavu X-23, zote za Tamiya, nyembamba sana, napitisha mara tatu. Ya kwanza hujui kama umepaka. Ya pili bati linaanza kugeuka. Ya tatu, ukiinamisha mwili wa ndege chini ya taa, rangi inatembea kutoka kijani kwenda buluu kama shingo ya njiwa. Nisingeongeza ya nne, inaua mwanga. Na msiogope ikitoka bila usawa, hata kwenye ndege halisi aotake ilitofautiana kutoka kipande hadi kipande.

Ukifunga mwili wa ndege, robo tatu ya kazi hiyo haionekani tena. Mimi najua ipo.

Rangi ya nje napiga hivi. Praima nyekundu ya udongo kwenye shina la bawa na kwenye vifuniko tu, kijivu cha kawaida kwingine. Juu yake vanishi. Kisha spreyi ya nywele, ile ya kawaida ya saluni, tabaka mbili nyepesi. Ikikauka, napiga rangi ya akriliki. Baada ya dakika kama 20 nalowesha sehemu ninayotaka kwa maji ya vuguvugu, nagusa kwa brashi fupi ngumu. Maji yanaingia chini, spreyi inalainika, rangi inatoka yenyewe kwa umbo ambalo mkono usingeweza kulichora. Lazima rangi ya juu iwe akriliki, maana laka haipitishi maji na utasugua mpaka ufike kwenye plastiki.

Duara jekundu sitaki stika. Duara ni umbo rahisi kuliko yote, bikari ya mtoto wa shule inatosha: ondoa risasi ya penseli, weka ncha ya wembe, kata tepu ya kufunikia. Rangi iliyopakwa inakaa ndani ya mistari ya mabati, stika inakaa juu yake, na jicho linatambua. Stika natumia kwa namba za mkiani tu, tena juu ya vanishi inayong'aa, kwa sababu juu ya uso usiong'aa hewa inabaki chini na kung'aa kama magamba.

Mambo mawili kwa walio Pwani. Masika yakianza, usipige laka asubuhi wala usiku, unyevu unaingia kwenye rangi na inapata ukungu mweupe. Nasubiri saa saba mchana, na modeli inakaa kwenye sanduku lenye taa inayotoa joto. La pili, thina ya gereji isikaribie plastiki. Bawa langu la kwanza kabisa nililipangusa kwa thina niliyoizoea kazini, likalegea kama bazoka mikononi mwangu. Niliumia, ile seti niliisubiri miezi mitatu.

---

MtotoWaKilindini

Ahsante sana fundi. Unaunga ya meli gani? Nauliza kwa sababu mzee wetu mmoja hapa Mombasa husimulia jinsi Kilindini ilivyojaa manowari za Mwingereza wakati wa vita, kwa ajili ya Mjapani.

---

FundiRangi

Mzee wenu anasema kweli. Ninayounga ni ya meli ya Hiryu, mikanda miwili ya buluu nyuma ya duara. Hiryu ilikuwepo Pearl Harbor, na tarehe 5 Aprili 1942, siku ya Pasaka, ilikuwa miongoni mwa meli tano za kubebea ndege zilizoishambulia Colombo. Baada ya mashambulizi yale Waingereza waliona Ceylon (Sri Lanka ya leo) si salama, wakahamishia kikosi chao cha majini cha Mashariki Kilindini. Hata wavunja misimbo yao ya Kijapani walihamia Mombasa, wakafanyia kazi kwenye shule ya Allidina Visram. Kwa hiyo ndege hii iliyo mezani kwangu ni mojawapo ya sababu bandari yenu kujaa.

Na Mjapani mwenyewe alifika, ndugu yangu, si kwa Zero. Mei 1942 nyambizi I-30 ilipita pwani yetu ikiwa na ndege ndogo ya upelelezi, Yokosuka E14Y, yenye watu wawili. Ndege hiyo iliruka juu ya Zanzibar na juu ya Dar es Salaam. Walikuwa wanatafuta manowari za kulenga. Mwisho wa mwezi huo walizikuta Diego Suarez, Madagaska, nyambizi ndogo zikaijeruhi HMS Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty.

Niliposoma hilo mara ya kwanza nilitoka nje ya gereji nikaangalia juu. Miaka yote naunga ndege za Pasifiki, na moja ilishapita juu ya bandari ninayoiona nikienda kazini.

---

MjukuuWaAskari

Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, alipigana Burma. Sijui kama ningependa kuweka ndege ya Mjapani sebuleni kwake. Wewe mkuu unalionaje hili? Si kwa ubaya.

---

FundiRangi

Swali halali kabisa, na shikamoo yangu imfikie babu popote alipo.

Mimi sipambi vita. Jeshi lililorusha ndege hizi liliua watu, wakiwemo watu wetu. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na nyambizi I-27 karibu na Maldivi, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kwenye kibao cha kila modeli naandika ilitengenezwa wapi, ilifanya nini na mwisho wake ulikuwa upi. Hiryu ilizama kwenye vita vya Midway, Pasifiki, Juni 1942, nalo limeandikwa.

Kama babu alikuwa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, alipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na matope hadi Kalewa. Ndege ya kivita ya Kijapani iliyojulikana zaidi anga ya Burma ilikuwa Hayabusa, Ki-43 ya Nakajima, na kikosi maarufu ni cha 64, chenye mshale mkiani. Ukiamua siku moja kuunga, unga hiyo, na umuunge askari wa KAR skeli hiyohiyo asimame kando yake, miguu imara. Nitakusaidia rangi ya sare.

---

MjukuuWaAskari

Sikuwa nimewaza kuiweka hivyo. Nitaongea na mama kwanza, picha za babu anazo yeye. Ubarikiwe mkuu.

---

KijanaWaMoro

Nimeifuta ile fedha yote kwa akriliki ya kijivu, nikaacha wekundu kidogo kwenye shina la bawa. Imekuwa ndege nyingine kabisa. Fundi, hiyo ya nyambizi utaiunga?

---

FundiRangi

Hongera kaka, weka picha tuione.

Ninayo tayari, seti ya zamani ya 1/72. Mabawa yake ya karibu mita 11 yanakuwa sentimita 15 na kidogo. Ilikaa imefunguliwa vipande ndani ya banda lisilopitisha maji juu ya nyambizi, maboya yake ya kutulia majini kando, mabawa yamekunjwa. Ikitakiwa, mabaharia waliiunga gizani juu ya sitaha, ikarushwa kwa manati, na ikirudi inatua majini na kuvutwa kwa winchi. Injini ya nguvu farasi 340 tu, kasi kilomita 246 kwa saa.

Na hapa nawaomba wote mlioniandikia faragha kuuliza niichubue vipi: mabawa yake yalivikwa kitambaa. Hakuna bati chini. Nikipaka fedha pale nitakuwa nimepaka uongo. Nitakachofanya ni kupunguza mbavu za mabawa kwa msasa wa 1000, maana waliochonga ile seti walizifanya zitokeze kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, na kitambaa kilichovutwa vizuri hakilegei hivyo. Uchakavu utakuwa wa chumvi: weupe hafifu kwenye maboya na kwenye fito zinazoyashika, pale maji ya bahari yalipokauka.

Usiku huu nimebandika boya la kushoto. La kulia lilikuwa limepinda ndani ya boksi, nimelilowesha kwenye maji ya moto nikalinyoosha taratibu, sasa liko chini ya kitabu. Asubuhi nitaona kama limekubali.